Simu inabaki kwenye begi

Mhariri, wiki hii mmetuuliza: "Simu inapiga muziki wote unaoutaka. Kuna haja gani ya kubeba kicheza muziki kingine gym?" Kwangu haja ni moja: kile kidude hakipigiwi simu.

Wanaofanya mazoezi jioni kwenye gym zetu za mitaani hapa Dar wananielewa. Umemaliza seti, upumzike dakika moja na nusu. Unashika simu ubadilishe wimbo, unakuta kamati ya harusi inakumbushia ahadi za michango. Unajibu kwa adabu, mweka hazina naye anajibu. Ukija kuinua macho, kuna mtu kasimama pembeni ya benchi, taulo begani: "Kaka, bado seti ngapi?" Mwili ushapoa.

Changu ni SanDisk, kimezidi kiberiti kidogo tu. Kina kibanio nyuma, tundu la memori kadi na vitufe vya kubonyeza. Utamu uko kwenye vitufe. Vidole vikilowa jasho, kioo cha simu hugoma au kinarusha wimbo hujakituma. Kitufe unakipapasa bila hata kukitazama. Apple nao walikuwa na iPod shuffle, iliyotoka 2005 bila kioo kabisa, ikawekewa kibanio 2006. Mwaka 2017 wakaacha kuiuza. Kwa watu wa tizi, naona waliua kitu chao bora kuliko vyote.

Waya ni kero, wengine watasema. Ni kero ukining'inia nje. Bana kidude kwenye ukosi, waya unaobaki utumbukize ndani ya fulana, hakuna chuma kitakachounasa. Tena waya huohuo ndio antena ya redio: jioni ya Simba na Yanga nakimbia kwenye mashine huku mtangazaji ananipandisha presha, na bando halijaguswa.

Kuhusu nyimbo, watu hudhani inayokwenda mbio zaidi ndiyo inayofaa zaidi. Singeli nyingi zinapita mapigo 200 kwa dakika, wakati wakimbiaji wengi hupiga hatua 160 hadi 180. Ukitaka kuifuata singeli hatua kwa hatua, pumzi itakata mapema. Mimi naiweka kwenye vyuma, ambako nataka mzuka tu. Amapiano, yenye mapigo kama 112, ni ya kupashia mwili.

Ubaya wake upo. Nyimbo ulizopakua ndani ya Boomplay au Spotify hazitoki humo kuhamia kwenye kidude. Lazima uwe na mafaili yako mwenyewe ya MP3. Kwa kijana aliyezoea kila kitu kiko mtandaoni, hiyo ni kazi.

Jingine ni masikio. Spika la gym likinguruma, mkono wenyewe unaongeza sauti kulishinda. Shirika la Afya Duniani linasema desibeli 80 unaweza kusikiliza saa 40 kwa wiki. Zikifika 90, saa 4 tu. Tafuta hedifoni zenye mpira laini unaoziba tundu la sikio, uone sauti ya chini inavyotosha.

Na dharura je? Nyumbani wana namba ya dada wa mapokezi. Anajua ninapofanyia mazoezi, atakuja kunigusa bega.

Msomaji wenu, Sinza, Dar es Salaam