Modeli ya kwanza ya meli ya rezini: anza nayo tu mkuu

Mkuu umeuliza kama mtu aliyezoea vile vindege vya plastiki anaweza kurukia modeli ya meli ya rezini (ile plastiki ngumu inayomiminwa ikiwa maji maji), na akimaliza aiweke wapi isiharibike. Jibu langu ndio, anza, usisikilize wanaosema ukae kwanza na plastiki miaka kadhaa, ila chagua meli ndogo ya skeli ya 1/700, yaani ndogo mara 700 kuliko ya kweli, ambayo ganda lake limemwagwa kipande kimoja na limekatwa usawa wa maji, ile sehemu inayozama haipo. Mimi nipo Mbeya, ya kwanza yangu ilikuwa Königsberg, ile manowari ya Wajerumani iliyoishia Rufiji 11 Julai 1915, na niliichagua kwa sababu ni historia ya kwetu halafu haina mambo mengi, mabomba ya moshi matatu, milingoti miwili, mizinga kumi basi. Meli yenyewe ilikuwa na mita 115 kwa hiyo mezani inakuja sentimita 16 na ushee, yaani inakaa kwenye kiganja.

Sasa elewa kitu kimoja, kwenye rezini kazi kubwa ipo kabla hujagusa gundi. Vipande vinatoka kiwandani na mafuta ya kulainishia kalibu, ile fomu ya kumwagia rezini, huyaoni ila rangi inayaona, itabanduka yote. Chukua beseni, maji ya vuguvugu, sabuni ya vyombo na mswaki wa zamani, sugua taratibu, suuza, anika kwenye kitambaa. Beseni lisiwe chini ya bomba wazi maana kamzinga kakienda na maji ndo basi tena.

Halafu kuna vile vidonge vya ziada vinavyobaki pale rezini ilipomiminiwa. Usivunje kwa mkono, kata kwa kimsumeno chembamba mbali kidogo na kipande chenyewe, kinachobaki malizia kwa msasa wa maji, namba 400 kisha 800. Nasema msasa wa maji makusudi, sugua ukiwa umelowa, vumbi la rezini ni laini sana na sio la kuvuta kabisa, vaa barakoa, kaa nje uani, usifanye kwenye meza ya kulia chakula hata kama mama watoto kasafiri.

Ganda likija limepinda usipaniki. Litumbukize kwenye maji ya moto sana, hayana haja ya kutokota (huku kwetu juu maji yenyewe yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi), likilainika libane kwenye kipande cha kioo kilichonyooka, mwagia maji baridi hapo hapo, linabaki hivyo. Milingoti ya rezini mimi huwa siitumii kabisa, inapinda na inakatika, nachukua waya mwembamba wa shaba. Kamba zake nyuzi moja moja za rasta za saluni, nyeusi, pakiti moja utazeeka nayo.

Gundi ya plastiki sahau, ile inayeyusha plastiki ndo inashika, rezini haiyeyuki. Unatumia supaglu, tone unaliweka kwenye kifuniko unachota kwa ncha ya sindano. Supaglu inakauka kwa unyevu wa hewani kwa hiyo kiangazi chetu hiki cha Agosti Septemba utaona inasuasua, ipulizie pumzi kidogo inashika. Vitundu vya mapovu ziba kwa supaglu na bekingi soda, inakuwa jiwe papo hapo, so piga msasa mapema kabla haijawa ngumu kuliko rezini yenyewe.

Rangi sina mengi. Praima, ile rangi ya kwanza ya chini, ya kijivu ya kopo inatosha, itakuonyesha makosa yote uliyodhani umeyamaliza, rudi kwenye msasa bila hasira. Juni Julai kopo linakuwa baridi linatema matone, liweke kwenye maji ya vuguvugu kwanza, sio jikoni karibu na moto tafadhali. Na usimpelekee fundi rangi wa gereji akupigie, bunduki yake ni ya milango ya Noah, itafunika kila kitu.

Kuonyesha sasa. Wengi wanapaka bahari ya bluu kama ya kadi ya posta, lakini kama unaiweka Königsberg Rufiji basi yale ni maji ya tope, kahawia yenye kijani, na mikoko pembeni. Bandika toilet pepa kwenye ubao kwa gundi nyeupe ya mbao iliyozimuliwa, ichokoe kwa brashi itoe vijiwimbi, ikikauka paka rangi halafu vanishi ya kung'aa mara kadhaa. Boksi la kioo utachongewa na mafundi wa madirisha pale Mwanjelwa hapa Mbeya, mpe vipimo vyenye nafasi juu ya mlingoti na pembeni. Silikoni ikae mpaka harufu ya siki iishe ndo uingize meli, na meli nayo gundi iwe imekauka kabisa maana mvuke wa supaglu ukifungiwa unaacha ukungu mweupe kwenye kioo na kwenye rangi. Usiweke dirishani, jua likipita kwenye kioo rezini inalainika milingoti inalegea.

Ukipenda hii kazi, ya pili iwe Goetzen, ndo MV Liemba, ile meli ya Kigoma. Yenyewe iliundwa Papenburg Ujerumani, ikafumuliwa, ikaja kwenye masanduku maelfu mpaka Kigoma ikaunganishwa upya, na ilifungwa mzinga mmoja uliotolewa kwenye hiyo hiyo Königsberg. Kwa 1/700 inakuja kama sentimita 10.

Mizinga na viboti vya akiba vikibaki usitupe, weka kwenye kiberiti ubandike chini ya ubao, siku ya kuhama nyumba utavihitaji.