Chai ya kijani, nyanya na kansa ya ngozi: jibu kwa dada aliyeuliza kama aache losheni ya jua

Dada mleta uzi, nimekusoma vizuri. Mtoto wako ana ualbino, losheni ya kukinga jua anaikataa kwa sababu inamnata, na kuna mtu kakushawishi umpe vidonge vya beta-karotini (ile kemikali inayoipa karoti rangi yake) na chai ya kijani kila siku, eti kinga ya kweli inatoka ndani kwa hiyo losheni uachane nayo. Usiiache. Naliweka hili mwanzoni kabisa manake wengi wakisoma mistari miwili wanaondoka.

Mi mwenyewe nina ualbino, nshatolewa kansa ya ngozi sikioni na usoni, na hii habari ya vyakula na kansa ya jua nimeifuatilia kwa miaka kwa sababu ni ngozi yangu inayozungumziwa hapo. Kwa hiyo nitaandika kirefu kidogo, nivumilie.

Huyo aliyekwambia hajatunga kila kitu, na hapo ndo ugumu ulipo. Mionzi ya jua aina ya UVB ikipiga ngozi inaingia mpaka kwenye DNA ya seli na kugandisha pamoja herufi mbili zilizokaa jirani, seli inajaribu kurekebisha, mara nyingi inafanikiwa ila sio zote, na zile zilizobaki na makosa hasa kwenye jeni inayoitwa p53, ambayo kazi yake ni kuizuia seli mbovu isizaane, ndo zinakuja kuwa kansa baada ya miaka. UVA yenyewe inazama chini zaidi na kuzalisha kemikali kali zinazoharibu seli kwa njia nyingine. Afu jua linapunguza nguvu ya askari wa mwili waliopo kwenye ngozi, yaani linaharibu na hapohapo linawalaza walinzi. Sisi tusio na melanini ya kutosha, yaani ile rangi ya asili ya ngozi, hayo yote yanatufika bila kizuizi.

Sasa kemikali za mimea zinagusa karibu kila hatua ya hizo nilizotaja. Kuna kitu kwenye chai ya kijani kinaitwa EGCG. Watafiti wa chuo kikuu cha Alabama pale Birmingham walionyesha mwaka 2006 kwamba kwa panya waliopigwa UVB hiyo EGCG inapunguza uvimbe wa kansa, na inafanya hivyo kwa kuamsha interleukini 12, protini ya kinga ya mwili ambayo inasaidia seli kurekebisha DNA, na walipotumia panya wasio na interleukini 12 ile faida haikuonekana. Mi nilipoisoma ile nilifurahi sana kwa kweli, kwa sababu sio tu "chai ni nzuri", ni kwamba wameonyesha njia inayopita. Nyanya nazo hivyohivyo, mwaka 2017 watafiti wa Ohio waliwalisha panya chakula chenye asilimia 10 ya unga wa nyanya kwa wiki 35 na kuwapiga taa ya UV, madume wakapata uvimbe karibu nusu ya wenzao, ila majike hawakuonyesha tofauti yoyote. Majike! Chakula kilekile, taa ileile.

Ila hao ni panya. Panya wa maabara ni mdogo, ngozi yake nyembamba, anapewa dozi kubwa kwa uzito wake na maisha yake yote yamepangwa na watu. Binadamu akinywa chai, EGCG kubwa inapotelea tumboni na kwenye ini, inayofika kwenye ngozi ni kidogo mno. Uingereza walijaribu kwa watu wazima wenye afya, wakawapa katekini za chai ya kijani (kundi la kemikali ambalo EGCG imo) pamoja na vitamini C kwa wiki 12, kiasi kinacholingana na vikombe kama vitano kwa siku, afu wakawapiga UV kupima wekundu wa ngozi. Matokeo yalitoka 2015, hakukuwa na tofauti ya maana na waliokunywa vidonge visivyo na dawa yoyote ndani.

Nyanya imefanya vizuri zaidi kidogo kwa binadamu. Kuna utafiti wa Ujerumani wa 2001, watu walikula gramu 40 za nyanya ya kopo ile nzito pamoja na gramu 10 za mafuta ya zeituni kila siku, na wiki ya 10 wekundu baada ya UV ulikuwa umepungua kwa kama asilimia 40. Wiki ya nne bado hakikuonekana kitu. Laikopini, yaani kemikali inayoipa nyanya wekundu wake, inahitaji kupikwa na inahitaji mafuta ndo mwili uipokee, halafu inachukua wiki nyingi kujikusanya kwenye ngozi. Ila angalia walichopima, ni wekundu, sio kansa. Na losheni ya SPF 30 (SPF ni kipimo cha nguvu ya kukinga jua) ikipakwa ya kutosha inazuia kama asilimia 97 ya UVB siku hiyohiyo. Hiyo ya nyanya ni nyongeza tu juu ya kinga, na walioshiriki walikuwa na melanini yao.

Hivyo vidonge vya beta-karotini ndo vinaniuma zaidi, kwa sababu hapo majibu ya binadamu tunayo toka zamani. Marekani 1990, watu 1,805 waliokwishapata kansa ya ngozi, miligramu 50 kila siku kwa miaka mitano: hakuna kilichopungua. Nambour, Australia, kuanzia 1992 mpaka 1996, watu 1,621, wengine wakapewa beta-karotini na wengine losheni ya kila siku. Beta-karotini haikusaidia. Losheni ya kila siku ilipunguza kansa ya aina ya skwamasi, inayoanzia seli za tabaka la juu la ngozi, kwa kama asilimia 40, na hiyo skwamasi ndo inayotumaliza sana sisi wenye ualbino. Yaani dada, vitu viwili unavyopima wewe sasa hivi vilishawekwa pamoja kwenye utafiti mmoja na jibu likatoka. Juu ya hapo, Finland 1994 wavuta sigara waliomeza beta-karotini walipata kansa ya mapafu zaidi ya ambao hawakumeza. Karoti kama chakula mpe tu, kidonge ni kitu kingine kabisa.

Na chai ya kijani iliyokamuliwa kwenye vidonge pia kaa nayo mbali, wataalamu wa usalama wa chakula wa Ulaya walisema 2018 kwamba kuanzia miligramu 800 za EGCG kwa siku kwenye saplimenti ini linaanza kuonyesha dalili za kuumia. Kikombe cha chai hakina shida hiyo.

Kingine ambacho wauzaji hawasemi, kuna kemikali za mimea zinazofanya kinyume. Ndimu na mimea ya jamii ya seleri ina psoraleni, kemikali inayoifanya ngozi iungue haraka juani, maji ya ndimu yakikauka kwenye mkono afu ukatoka juani unaungua, malengelenge yanakuja baada ya siku moja au mbili na doa linakaa miezi. Madaktari wanaitumia psoraleni pamoja na UVA kutibu soriasisi (ugonjwa wa ngozi unaotoa magamba), na waliotibiwa hivyo mara nyingi kwa miaka wamekutwa na skwamasi zaidi. Kwa hiyo mtoto asikamue ndimu nje, na usimpake ndimu usoni kwa urembo au kutoa madoa.

Kuhusu kunata, jaribu losheni za aina ya jeli au maji maji, zile krimu nzito ndo zinanata. Mpake kama nusu saa kabla ya kutoka na urudie kila masaa mawili akiwa nje. Punguza sehemu ya kupaka kwa nguo: mikono mirefu, kitambaa kilichosukwa kubanana (kiinue kwenye mwanga, ukiona upande wa pili jua nalo linaona), kofia yenye ukingo mpana pande zote, sio kepu, kepu inaacha masikio na shingo. Yangu ilianzia ncha ya sikio la kushoto, kikoko kidogo kinachokwaruza kama msasa, kidole kilikijua kabla ya kioo. Dokta akapuliza nitrojeni ya baridi, kikarudi, ndo wakakata wakapima. Kila wiki mpitishie mtoto vidole masikioni, puani, mdomo wa chini na nyuma ya shingo, na kidonda au kikoko kisichopona ndani ya mwezi mpeleke kliniki ya ngozi hata kama hakimuumi. Kama una picha ya kibandiko cha hivyo vidonge iweke hapa tuone vina miligramu ngapi.