Mdogo wako ana anoreksia na kliniki imemwambia achague tiba: anza na sahani

Wiki hii dada mmoja ameniandikia kutoka Mombasa. Mdogo wake ana miaka 26, anasoma Uingereza, amegundulika ana anoreksia, yaani ugonjwa wa kujinyima chakula kwa hofu ya kunenepa, na kliniki imemtajia tiba tatu za mazungumzo achague moja. Dada anauliza: "Ipi inaponya haraka?" Pole sana, dada yangu. Najibu hadharani kwa sababu huku kwetu jibu la kwanza bado ni "mwambie ale, aache maringo", na kila nikilisikia linaniuma. Huu ni ugonjwa wa akili unaoua. Haujawahi kuondoka kwa kukaripiwa.

Tiba zenyewe ni hizi. Mwongozo wa mwaka 2017 wa NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya matibabu, unaofuatwa na kliniki za kule, unazitaja zote tatu kwa watu wazima. CBT ya matatizo ya ulaji, yaani tiba ya kubadili mawazo na tabia, huwa na vikao hadi 40 ndani ya wiki 40, na wiki mbili tatu za mwanzo mgonjwa huenda mara mbili kwa wiki. MANTRA, tiba ya watu wazima wenye anoreksia iliyobuniwa London, ina vikao 20. Kumi vya kwanza ni vya kila wiki, na mwenye hali ngumu zaidi huongezewa kumi. SSCM, yaani uangalizi wa kitabibu wa kumtegemeza mgonjwa, nayo ni vikao 20 au zaidi, kila wiki. Dawa peke yake haihesabiwi kuwa tiba ya anoreksia, kwa hiyo msikae kusubiri kidonge.

Ipi bora? Australia waliwagawa wagonjwa 120 katika tiba hizo tatu, na katika kurudisha uzito hakuna iliyozishinda nyingine. Na hiyo SSCM inayoonekana nyepesi, maana kikao huchanganya ushauri wa chakula na mambo ambayo mgonjwa mwenyewe anataka kuyazungumza, ilibuniwa New Zealand iwe ya kulinganishia tu katika utafiti wa tiba nyingine. Matokeo yalipotoka mwaka 2005, ndiyo iliyokuwa mbele mwishoni mwa matibabu. Miaka kadhaa baadaye tofauti hiyo haikuonekana tena. Kwa hiyo mdogo wako achague ile anayojiona ataweza kuimaliza.

MANTRA humfaa anayeona anoreksia inamlinda. Huandika barua mbili: moja kwa anoreksia kama rafiki, nyingine kwa anoreksia kama adui. Ile ya rafiki msiidharau. Humo ndimo mtaalamu anapoona ugonjwa unamfanyia kazi gani: unamtuliza, unamfichia huzuni, au unampa kitu kimoja maishani anachohisi anakimudu.

Lakini hakuna barua itakayofanya kazi kwenye ubongo wenye njaa. Mwaka 1945, Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, kilipunguzia chakula wanaume 36 wenye afya njema kwa miezi sita. Walikuwa wazima kabisa. Wakaanza kuota chakula, kukusanya vitabu vya mapishi, kukaa na sahani moja muda mrefu, kununa na kujitenga na wenzao. Sasa mtazame mdogo wako. Mengi unayoyaita tabia mpya ni njaa, na njaa hutibiwa kwa chakula. Mtaalamu anayesema "tuzungumze kwanza, kula kutakuja kwenyewe" anampotezea muda.

Kwa vitendo, milo mitatu na vitafunio viwili au vitatu, na pengo lisizidi saa nne. Mfano: saa 1 asubuhi chai ya maziwa na chapati, saa 4 karanga na ndizi, saa 7 wali, maharage na samaki, saa 10 maziwa na mkate, saa 1 usiku ugali na kuku, kabla ya kulala, uji wa maziwa. Asingoje kusikia njaa ndipo ale; ale kwa saa, kwa sababu ishara zake za njaa na shibe zimevurugika. Wanaotibiwa wakiwa nyumbani hulenga kuongeza takriban nusu kilo kwa wiki.

Hapa msifanye pupa. Aliyekula kidogo sana kwa siku nyingi akishindiliwa chakula kingi ghafla, madini ya fosfeti kwenye damu hushuka na moyo unaweza kufeli. Mpango wa mwanzo utoke kliniki, pamoja na vipimo vya damu. Akizimia, mapigo ya moyo yakienda ovyo, miguu ikivimba, au akichuchumaa asiweze kuinuka bila kujishikiza, ni hospitali siku hiyohiyo.

Mizani iwe ya kliniki, mara moja kwa wiki, yeye na mtaalamu wakiandika namba pamoja. Ya nyumbani itolewe. Namba moja haisemi kitu: chumvi, maji na choo huipandisha na kuishusha. Wanaangalia mwelekeo wa wiki tatu nne. Wengi huacha tiba pale uzito unapoanza kupanda, kwa sababu hofu hupanda nao na mgonjwa hudhani tiba imemharibu. Aambiwe mapema kwamba kipindi hicho kinakuja.

Na ninyi nyumbani, tafadhali, ile salamu yetu ya "umenenepa, umependeza!" iacheni. Kwetu ni sifa, lakini yeye atasikia neno la kwanza tu, na huenda akaruka mlo wa jioni. Hata "umenawiri" msimwambie. Shangazi na bibi waelezwe kabla hawajashika simu.

Ukimpigia kesho, usianze na "umekula?" Muulize kama angependa mle pamoja kwa video, kila mtu na sahani yake, mkipiga stori za kawaida bila kutaja chakula. Saa 1 jioni kwake ni saa 3 usiku Mombasa, na majira ya baridi ni saa 4. Chakula chako kifunike mpaka muda huo.