Jibu: CA 15-3 (kipimo cha damu cha kufuatilia saratani ya titi) ya mama imetoka 22 hadi 34, saratani imerudi?

Pole sana dada. Kupanda huko peke yake hakutoshi kusema saratani ya titi imerudi.

Kwanza tazama karatasi zote mbili: ni maabara moja? Mashine hutofautiana. Mimi nami nilipima CA 15-3, mara ya pili kwingine, ikasoma 37. Siku hiyo dagaa wangu niliowaanika Igombe walinyeshewa nimekaa tu nawatazama. Nikarudia maabara ya mwanzo: 26.

Pia muulize mama kuhusu ini. Homa ya ini nayo hupandisha namba, na ukanda wetu huu wa ziwa wenye nayo si wachache. Na kinyume chake kipo: damu inasoma vizuri kumbe ugonjwa umerudi. Ndiyo maana madaktari wengi hawakiagizi kipimo hiki kwa asiye na dalili. Wanategemea kumpapasa mgonjwa kliniki na mamogramu (picha ya eksirei ya titi) kila mwaka kwa titi lililobaki.

Ila kama ana maumivu ya mfupa yasiyoisha usiku, kikohozi kisichokoma, macho ya njano au uvimbe kwapani, usingoje tarehe ya kliniki. Mpeleke hospitali ya Bugando, Mwanza, na karatasi zote, hata ile ya 22.