Re: MiG-28 ya Top Gun mbona siipati popote?
Mkuu habari, nimeona umekwama, unaitafuta MiG-28, ndege ya kivita ya adui kwenye muvi ya Top Gun ya 1986, na hupati hata picha yake moja ya jeshini. Huipati kwa sababu haipo kaka, Warusi hawajawahi kuiunda, ni jina la muvi tu. Ile ndege nyeusi ni F-5 ya Northrop, ya Wamarekani wenyewe, ikapakwa rangi basi ikawa adui.

Mimi mwenyewe nilibishana na jamaa yangu wiki nzima nikidai ni MiG-21, ndege ya kweli ya Warusi, mpaka nikasimamisha video nikacheki pua. Anza hapohapo: MiG-21 inavuta hewa kwa tundu la puani, F-5 pua imechongoka kama penseli na matundu yako ubavuni. Halafu angalia mkia, F-5 una bapa moja lililosimama, F-14 Tomcat ya kina Maverick, yule rubani shujaa wa muvi, yako mawili, na mabawa yake yanarudi nyuma ikikimbia. Vile vindege vya walimu wa marubani kwenye muvi ni A-4 Skyhawk, usivichanganye.

Na kama uko Kenya wala usihangaike na muvi, jeshi la anga la huko linarusha F-5 tangu miaka ya 70, ila zao si nyeusi.