Nani alimuandika nkambo? Majibu ya maswali yenu

Jambo yenu bandugu. Tangu nilisema vile nilipata jina ya nkambo wangu (babu ya zamani) mu kitabu ya batisimu ya parokia, kisha kuzunguka miaka mbili mu mabiro ya leta bure, maswali inaingia paka kuingia, na bengine banaandika saa sita ya usiku, unaona kabisa mutu haiko analala juu ya nkambo wake. Nimechagua saba. Majina ya batu nimetosha, nimeacha paka fasi yenye banaikala.

"Yaya, kaka yangu alioa mumarekani. Ule bibi alikaa mbele ya ordinatere mangaribi moja tu akapata nkambo wa nkambo wake, miaka yake, kazi yake, na barabara yenye alikuwa anaikala. Sisi resansema, ile ya kuhesabu batu, ya wakati ya Babelgiji tutaiona wapi?" (Katuba, Lubumbashi)

Ndugu, usimuonee wivu huyo shemeji, kwao ni ingine. Marekani banahesabu nyumba kwa nyumba kila miaka 10, kisha miaka 72 banafungua majina batu bote baangalie, ile ya 1950 ilifunguliwa mwezi wa ine 2022. Uingereza banangojea miaka 100, na ata kwao kuko matundu, juu resansema ya 1931 ya England na Wales iliungua na moto mu 1942.

Huku kwetu mubelgiji hakukuhesabu juu ya kukujua, alikuhesabu juu ya kodi na juu ya kazi. Administratere wa teritware alipita mu shefri na rejista yake, mwanaume mwenye nguvu anaandikwa, anapewa kitabu, analipa. Mwenye alikuwa na bibi wawili ao watatu alilipa ya kuongeza, na mu familia zingine alama moja tu yenye bibi wa pili aliacha mu mapapye ni ile franga. Batoto, bamama, bazee benye nguvu ilikwisha, mara mingi beko mistari tu ya hesabu, bila majina. Na resansema kubwa ya inchi muzima, ile ya tarehe 1 mwezi wa saba 1984 yenye ilipata batu karibu milioni 30, ni kitabu ya hesabu, si kitabu ya kufungua utafute baba yako.

Kwa hiyo acha kuuliza resansema iko wapi. Uliza ni nani alikuwa na faida ya kumuandika nkambo: shefu na administratere juu ya kodi, kompanyi juu ya mukono yake, misioni juu ya roho yake. Karibu majibu yote ya hapa chini inatoka paka mu hii mambo.

"Nkambo yetu alikuya kwa miguu toka Kasai kuingia Union Minière, ile kompanyi ya migodi. Mwaka hatujui, kijiji hatujui, tuko paka na jina. Tunaanzia wapi?" (komini Kenya)

Lakini umenipa mwaka! Sikia. Reli ya kutoka kusini ilifika hapa Elisabethville, Lubumbashi ya leo, mu 1910, ikafika Bukama mu 1918, na ya kuunganisha Bukama na Port-Francqui, ile Ilebo ya leo, ilifunguliwa mu 1928. Sasa rudi kwa bazee uulize vizuri: alitembea mpaka wapi? Kama banasema alitembea mpaka Bukama kisha akapanda treni, uko kati ya 1918 na 1928. Kama alipandia treni kule kwao kwenyewe Kasai, ni kisha 1928. Batu banasahau mwaka lakini habasahau miguu yenye iliuma.

Kisha tafuta nimero ya matrikile, ile nimero ya mufanyakazi. Mu kompanyi mutu alikuwa nimero mbele ya kuwa jina, na dosie yake inafatana na ile nimero. Na dosie ya Union Minière ni tajiri kuliko karatasi ya leta juu ya sababu moja tu, posho: balitoa chakula ya bwana, ya bibi na ya batoto, basi ilibidi baandike bibi ni nani na batoto ni wangapi, usipate unga ya mutoto mwenye hayuko. Unaweza kukuta mule kijiji, shefu, mwaka wa kuingia, kazi, malipizi kama alichelewa. Leta ilichukua kompanyi mu 1967, njo ikakuwa Gécamines, na dosie za wafanyakazi zilibakia huku. Mapapye ya bakubwa ba kompanyi, ile ya diresio, iko mu arshivu ya leta ya Ubelgiji kule Bruxelles. Mbele ya kuenda kupiga hodi, pita kwanza UNILU, iniversite ya Lubumbashi, idara ya istoria, profesa Dibwe dia Mwembu na benzake ba Mémoires de Lubumbashi bamefanya miaka mingi na zile dosie na kusikiliza bazee ba makambi, batakuambia mulango gani.

Nimero yenyewe mutaipata wapi? Nyuma ya foto, mu karatasi ya pansio, kwa medaye. Ya kwetu tuliipata chini ya sufuria. Mama mukubwa alikuwa anaipikia bukari tangu zamani, siku moja tukaigeuza juu ya kuisugua na muchanga, tunakuta hesabu tano zilichorwa na musumari. Alicheka akasema mu kambi bajirani balikuwa banabadilishiana masufuria, kila mutu anaweka nimero ya bwana yake.

"Mu karatasi moja ni Kalenga Joseph, mu ingine Kalenga wa Mwamba, mu ya tatu Kalenge Muamba. Ni mutu moja ao batatu? Eta sivil, biro ya kuandika batu, banasema batatu." (Kampemba)

Moja, mama, karibu hakika moja. Mwanzo wa 1972, kisha inchi kuitwa Zaire mu mwezi wa kumi 1971, Mobutu alikataza majina ya kikristu. Joseph akakufa bila maziko, mu fasi yake watu balichukua jina ya baba, ya nkambo, ya fasi, ingine yenye haikukuwa mu karatasi ata siku moja. Karatasi ya mbele ya 1972 na ya kisha yake, usizitazame kwa macho ya leo.

Na ile kalenge, muamba, ni mukono ya karani. Karani aliandika vile alisikia, na alisikia kwa masikio ya kwao. Ngoy, Ngoie, Ngoi. Mwamba, Muamba. Jina ya Kasai yenye inaanza na Tshi, karani mwingine anaiandika Chi. Ukitafuta mu rejista, soma kwa mudomo, na sauti, usisome kwa macho.

Halafu angalia jina inasema nini. Ukikuta Mbuyi na hakuna Kabanga, uliza Kabanga alienda wapi, juu Baluba ba Kasai banaita mapacha vile, na pengine moja alikufa mutoto na hakuna mutu alimutaja tena. Mi nilipata ndugu ya nkambo kwa njia hii tu.

"Kaburi ya tate iko mu makaburi ya Sapin lakini maandiko imekwisha, na banaambia hiyo fasi inaweza kuwa imeuzishwa tena." (Annexe)

Pole sana. Mi pia yalinipata, mu makaburi ingine, mulinzi alitupeleka kwa musalaba wa mutu wengine kabisa, tukalia pale saa nzima na maua, shangazi ameimba yote, njo tunasoma jina. Sitasema ni biro gani ilitupa ile nimero ya mustari wa makaburi.

Maandiko yenye imekwisha, usiipige brosi ya chuma na usiweke chokaa, utamaliza kabisa yenye ilibakia. Nenda asubui mapema ao jua ikiteremuka, mwangaza ukipita pembeni herufi zinatoka zenyewe. Ikikataa, mangaribi weka torshi ya telefone chini, karibu na simenti, ipige kwa ubavu na si kwa uso, mwenzako apige foto. Simenti ya zamani mara mingi waliandika na kijiti ingali mubichi, na ule mufereji unabakia ata rangi ikiisha. Mwaga maji kiloko, maji tu.

Na piga foto za makaburi ya pembeni, kushoto, kulia, mbele, nyuma. Fasi zenye balizika kwa mustari, batu ba wiki moja banalala pamoja. Kama la tate halisomeki na majirani bote ni ba mwezi wa pili mwaka fulani, umekaribia, unaenda kwa komini kuomba kitabu ya kuzika ya ule mwezi tu, na mutu wa biro mwenye unamuomba mwezi moja anafungua haraka kuliko mwenye unamuomba miaka kumi. Nimejaribu.

"Tulitoka Likasi mu 1993 na treni, kila kitu ilibakia. Leo tuko Mbuji-Mayi, bazee bamekufa, batoto bananiuliza tulizaliwa wapi." (swali imetoka mbali)

Ndugu yangu, nilisoma swali yako mara tatu. Ile mambo ya 1992 na 1993, wakati batu ba Kasai balifukuzwa Katanga, bengi huku habapendi kuisema, na mi sitaifunga mu mistari miwili. Nitakujibu yenye ninaweza.

Mulikimbia na mizigo, lakini vitabu vya parokia havikukimbia. Bapadiri ba Benedikto balifika Katanga mu 1910, ba Salesiani mu 1911, na kitabu ya batisimu inaandikwa baba, mama, musimamizi, siku ya kuzaliwa, mara ingine kijiji yenye baba alitokea. Za zamani ni Kilatini, nkambo wangu nilimukuta anaitwa Josephus na nikapita juu yake mara mbili. Ila kitu kikubwa iko pembeni ya karatasi, juu sheria ya Kanisa inaomba mutu akifunga ndoa, hata mu parokia ingine, barudishe habari ziandikwe kando ya batisimu yake. Basi ukipata batisimu ya mama yako mu Likasi unaweza kukuta pembeni, kwa wino ingine, aliolewa wapi na lini. Andikia parokia barua fupi: majina yote na namna zote za kuandika, mwaka wa kukadirisha, jina ya musimamizi kama unakumbuka. Musimamizi alikuwa mara mingi mutu wa kijiji moja ao wa kambi moja, na familia yake pengine iko hai, na mu kabati yao muko foto yenye nyinyi muko mule.

Kama mulikuwa baprotestanti, uliza misioni ya Bametodisti ao ile ya Garenganze, ni paka ile kazi.

"Nkambo mwanamuke ni metisi, baba muzungu na mama mweusi. Balimutosha kwa mama yake iko mutoto, bakamupeleka kwa masera. Baba muzungu hatumujui. Kuko njia?" (Lubumbashi)

Kuko. Kwa Babelgiji hii mambo ilikuwa kazi ya leta, si bahati mbaya ya familia yako. Bunge ya Ubelgiji ilipitisha rezolisio juu ya bametisi mu mwezi wa tatu 2018, waziri mukubwa Charles Michel aliomba musamaha tarehe 4 mwezi wa ine 2019, na tarehe 2 mwezi wa kumi na mbili 2024 koti ya rufani ya Bruxelles ilihukumu leta ya Ubelgiji juu ya bamama batano, benye balichukuliwa wakati balikuwa bangali batoto na kupelekwa kwa misioni ya Katende kule Kasai. Arshivu ya leta ya Bruxelles inasaidia bametisi na batoto babo kutafuta dosie. Andika kwa Kifaransa, jina ya nkambo, misioni, mwaka. Lakini kaa chini na familia mbele ya kutuma, juu mule dosie kuko mara mingine barua ya mama yenye alikuwa analilia mutoto arudishwe, na hakuna mutu anapashwa kusoma ile peke yake.

"DNA haiwezi kumaliza hii yote kwa siku moja?" (Ruashi)

Hapana. Itakupa bakuzini, haitakupa kijiji, na vijiji vyetu vyenyewe vilihamishwa kando ya barabara na vingine viliitwa jina ya shefu, shefu akikufa jina inabadilika. Kama uko na pesa ya DNA, kwanza nunua megabaiti na betri ya pili ya telefone uende kwa kilio. Mi nilirekodi kasala, ule wimbo wa kutaja bankambo, kwa kilio ya muzee mumoja wa kwetu, muimbaji anataja bankambo moja kisha mwingine, shangazi akamukata mu katikati, "hapana, huyo Ilunga ni wa mama mwingine, usimuchanganye", bakabishana mbele ya maiti, bamama bote bakaingilia, na mule kubishana njo nikapata bibi ya pili wa nkambo, yenye hakuko mu karatasi yoyote. Telefone ilizimika wakati banaanza kutaja batoto yake.