"Niandikie": neno lililokuwa likila korosho zangu

Kwa miaka mingi neno nililolitamka dukani kuliko jingine lolote ni "niandikie". Nikimtuma mtoto, namwambia, "Nenda, mwambie aandike." Sukari robo, mafuta kipimo kimoja, kipande cha sabuni, mkate wa asubuhi, vocha ya simu. Mwenye duka anachomoa daftari chini ya meza, anafungua ukurasa wenye jina langu, kalamu inapita, nami narudi nyumbani sijatoa hata mia. Kwetu Newala jambo hilo halimshangazi mtu. Fedha yetu kubwa inaingia mara moja kwa mwaka, korosho zikiuzwa, na tumbo halisubiri msimu.

Naandika haya kwa sababu ya msichana mmoja ninayemfundisha kushona. Ameolewa mwaka huu, hana hata miezi sita kwenye nyumba yake. Juma lililopita alinionesha kwenye simu picha ya ukurasa wake wa daftari, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mama, hivi hii ni kawaida?" Ukurasa ulikuwa umejaa mbele na nyuma. Nilimjibu kwa kifupi kwa sababu kulikuwa na wateja, na tangu siku ile namwaza.

Kwa walio mbali na Mtwara, nieleze kwanza mwaka wetu unavyokwenda. Korosho zinaanza kudondoka karibu Septemba. Tunaokota, tunaanika, tunapeleka AMCOS, yaani chama chetu cha ushirika cha wakulima. Pale zinapimwa, unapewa stakabadhi, na mzigo unakwenda ghala kuu kusubiri mnada. Utaratibu huu wa stakabadhi ghalani tunao tangu 2007. Minada inafunguliwa Oktoba, na korosho zikishauzwa fedha inaingia kwenye akaunti yako ya benki, makato yakiwa yameshatolewa. Mwenye mikorosho michache kama mimi, ikifika Januari ameshamaliza kuuza. Zinafuata Februari na Machi: mvua inanyesha, chakula cha ndani kimekwisha, mahindi shambani bado mabichi. Mvua zikikatika kuna kusafisha shamba, kisha kupulizia dawa ya salfa, maana ugonjwa wa ubwiri unga ukishika maua ya mkorosho umepoteza msimu. Ni miezi mingi ya kutoa kabla ya kupokea, na miezi hiyo yote daftari liko wazi.

Novemba 2018, wanunuzi walipokuja na bei ndogo mnadani, Serikali iliamua kuzinunua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Bei ilitufurahisha. Kabla ya malipo mashamba yalihakikiwa, na katika kusubiri kule ndipo nilipoona tofauti kati yangu na jirani yangu. Yeye hakuwa na deni dukani. Alisubiri fedha yake akila muhogo wake na kunde zake, usingizi wake ukiwa palepale. Mimi kila siku ya kusubiri iliongeza mstari kwenye ukurasa, na fedha ilipofika niliigawa njiani. Nilipoingia nyumbani sikuwa na cha kuanzia mwaka mpya. Nikaanza tena na "niandikie".

Agosti 2019 deni likafika 240,000. Mwenye duka alinijia kwa adabu akaniambia anataka kwenda kununua mzigo Mtwara mjini, na mtaji wake umelala kwenye daftari. Alikuwa anasema kweli. Sikuwa na fedha, ila nilikuwa na maua kwenye mikorosho. Nikafanya wanalofanya wengi wetu kwa siri: nikamwendea mnunuzi wa kangomba, yaani anayenunua korosho kwa siri nje ya mnada, nikapokea fedha kwa korosho ambazo bado hazijaanguka. Ni biashara iliyokatazwa, na sababu ya kukatazwa kwake naijua kwa mwili wangu. Tulikubaliana 1,200 kwa kilo, kilo 200. Nikamlipa mwenye duka deni lote. Msimu ulipofika, mnadani kwetu korosho ziliuzwa zaidi ya 2,000 kwa kilo, na kilo zangu 200 nikazibeba kumpelekea mtu wa kangomba.

Usiku ule nilikaa na kalamu. Kilo ya sukari niliandikiwa 3,000. Kwa bei ya kangomba, 3,000 ni kilo mbili na nusu za korosho. Kilo mbili na nusu zilezile mnadani zingenipa 5,000. Kwa hiyo sukari ya 3,000 niliinunua kwa 5,000. Mafuta hivyohivyo, sabuni hivyohivyo, hata kiberiti. Kwenye deni la 240,000 nilikuwa nimeongeza si chini ya 160,000 bila mtu yeyote kunitajia riba. Fedha hiyo ingenunua salfa, na ningebaki na ya sare za shule.

Ninachokushauri kabla ya yote ni hiki: nenda dukani uombe kuunakili ukurasa wako. Usichukue jumla peke yake, chukua kila mstari. Mimi niliomba, mwenye duka akanipa daftari nikae nalo jioni moja. Binti yangu akawa anasoma, mimi naandika kwa safu mbili: kushoto vitu ambavyo ningevinunua hata kama ningetoa fedha mkononi, kulia vile ambavyo nisingevinunua. Safu ya kulia ilifika karibu 90,000. Soda za wageni na soda zisizo na mgeni. Biskuti. Mkate siku ambazo ndani kulikuwa na muhogo. Vocha, vocha, vocha. Tulipofika katikati binti yangu alinyamaza, kwa sababu mistari mingi ilikuwa ya kwake na wadogo zake. Mingine ilikuwa ya baba yao. Watu watano tulikuwa tunachota kwenye ukurasa mmoja, na hakuna aliyejua mwenzake kachota kiasi gani.

Hapo nilielewa kitu ambacho nataka kila mama anayesoma hapa akishike. Fedha ikiwa kwenye fundo la khanga, kabla hujanunua lazima ufungue fundo. Unaiona, unaihesabu, unaona inayobaki. Kule kufungua kunakupa nafasi ya kusema hapana. Daftari limekuondolea fundo.

Kuacha kulikuwa kugumu, na ugumu mkubwa haukuwa njaa, ulikuwa heshima. Kwetu kuandikiwa ni kuaminika. Asiyeandikiwa ni mtu ambaye watu wanamwogopa. Nilipomwambia mwenye duka kwamba ukurasa wangu aufunge, alishtuka. "Mama, nimekukosea? Wewe si mtu wa kukimbia, chukua tu." Nikamwambia, "Hukunikosea, baba. Nitakuja na fedha, ila nitakuja na kidogo." Nikamwomba asimwandikie mtoto wangu yeyote, hata akija analia. Kwa mume wangu ilichukua muda zaidi. Aliona namvunjia jina. Sikubishana naye, nilimwekea mbele karatasi yangu ya safu mbili, nikamwonesha ile hesabu ya kilo mbili na nusu. Alikaa nayo kimya. Kesho yake alikwenda mwenyewe dukani kufunga upande wake. Kama una mwenzako, msifunge upande wa mmoja na kuuacha wa mwingine. Ukurasa ukibaki wazi kwa mtu mmoja, nyumba nzima itapita kwake.

Wiki mbili za mwanzo hatukuwa na sukari. Tulikunywa chai ya mchaichai na muhogo wa kuchemsha, siku nyingine ming'oko yenye chumvi, ambayo sisi tumekulia lakini watoto walishaanza kuiona chakula cha bibi. Wadogo walinung'unika. Sikuwaficha, niliwaambia deni lilikuwa kiasi gani. Watoto wanaelewa zaidi kuliko tunavyodhani wakitajiwa namba.

Baada ya hapo nilianza kununua kwa wiki. Mimi ni fundi cherehani, kwa hiyo senti ndogondogo zinapita mkononi: kupunguza suruali, kushona gauni, kubadilisha zipu. Zamani zilipotea kwa sababu chakula kilikuwa kinaandikwa, nikaziona kama fedha za ziada. Sasa ndizo fedha za chakula. Jumamosi jioni nazihesabu, na Jumapili nanunua vya wiki nzima. Nikipata, nachukua sukari kilo tano kwa mara moja na kuigawa kwenye mifuko midogo, mfuko mmoja wiki moja. Mfuko ukiisha Alhamisi, tunangoja Jumapili. Na jambo ambalo sikulitegemea: mwenye duka yuleyule, kwa kuwa namletea fedha taslimu na nachukua kwa kilo, ananipunguzia. Robo robo za kila siku ndizo ghali kuliko zote, iwe kwa fedha au kwa daftari.

Chakula kikuu nakinunua kikiwa shambani tele, si kikiwa kimeadimika. Mahindi na kunde baada ya mavuno, mbaazi zikishakauka. Naanika vizuri, nahifadhi kwenye pipa lenye kifuniko. Maji nayo huku juu kwenye uwanda wa Makonde ni gharama. Dumu la kuuziwa nalo lilikuwa linaandikwa. Wazee wetu walichimba visima vya kuvuna maji ya mvua nyumbani, na chetu kilikuwa na ufa tuliouacha miaka mitatu. Tulikiziba kwa mfuko mmoja wa saruji. Naona aibu kidogo kufikiria madumu tuliyonunua kwa miaka ile mitatu.

Kwenye kikundi cha VICOBA, cha kuweka akiba na kukopeshana, kuna siri ndogo ambayo ningependa ienee. Vikundi vingi huku vinavunja na kugawana wakati wa msimu, fedha ikiwa tayari imejaa mtaani. Mgao unakukuta una fedha, unakwenda nayo palepale. Sisi wanawake wanane tulianzisha chetu tukapanga kuvunja mwisho wa Februari. Msimu wenye fedha tunanunua hisa nyingi, na mgao unakuja mwezi ambao zamani ndio ulikuwa unafungua daftari. Jambo hili moja limenisaidia kuliko kubana matumizi kote nilikowahi kujaribu. Ukiwa na kikundi, ulizeni tu: mnavunja mwezi gani, na mwezi wa njaa ni upi?

Lipo jingine gumu, nalo ni unyago. Likizo za shule zikifika kila mtaa una ngoma yake, na kila ngoma ina sare yake ya khanga. Kukataa sare ya mtoto wa ndugu yako ni jambo zito, na zamani khanga hizo zote niliandikiwa. Sasa nakwenda kwa mwenye shughuli mapema, kabla sare hazijatangazwa, namwambia: mimi nitakushonea nguo za mwali na nitaleta unga, lakini sare sitanunua. Shangazi mmoja alininunia mwaka mzima. Mwali wake aliponikuta barabarani amevaa gauni nililomshonea, alinipigia magoti kunisalimia, na shangazi naye akalegea. Ngoma zetu nazipenda na sitaki zife. Ninachokataa ni mtoto wetu kuchezwa kwa korosho za mwaka ujao.

Je, sikopi kabisa? Nakopa. Mtoto akipata homa usiku na fedha ya dawa haipo, nakopa bila kujiuliza, kwanza kwenye mfuko wa jamii wa kikundi, na nikikosa huko, kwa jirani. Deni hilo nalipa ndani ya wiki hata kama tutakula muhogo siku saba. Mkopo wa pembejeo kupitia chama nao una hesabu yake, kwa sababu salfa inarudisha fedha. Sukari hairudishi. Oktoba 2024 bei kwenye mnada wa kwanza ilipovuka 4,000 kwa kilo, sikuwa na kilo hata moja kwa mtu wa kangomba. Zote zilipita kwenye mzani wa AMCOS kwa jina langu.

Sasa nirudi kwa yule msichana, na kwa yeyote ambaye ukurasa wake umejaa wakati huu na msimu bado uko mbali. Mwanangu, usisubiri korosho. Kesho nenda uunakili ukurasa wote, kisha mwombe mwenye duka apige mstari chini ya jumla na asiongeze kitu hapo. Mwambie utamletea 2,000 kila Jumamosi, na umpelekee hata siku ambayo huna cha kubakiza, aone unakuja. Akiandika ulicholipa, nawe andika kwako. Ukibanwa, usiende kwa mtu wa kangomba, njoo kwangu. Zipo suruali sita za shule za kupunguza, na cherehani ya pili iko wazi kuanzia saa tisa.